Pampu Namba Nne

Jumatatu, 9 Novemba
Mvua bado haijanyesha. Dada yangu aliye Bulawayo anasema woga ukiandikwa hupungua, ndiyo maana nimenunua daftari hili. Naandika kwa penseli, nikihitaji kufuta nifute.

Naitwa Wadzanai Chidhakwa, karani wa ofisi ya maji, halmashauri ya Nyarutombo. Tuko watatu: Bwana Mazarura mkuu wa ofisi, mzee Gwatidzo fundi wa pampu, na mimi. Maabara wakileta majibu ya maji ya visima, mimi huyaandika kwenye rejista na kuyapeleka mezani kwa mkuu. Mkataba wangu unakwisha tarehe 31 Januari, na anayependekeza kama uongezwe ni yeye. Leo nimegonga mlango wake mara tatu, kwa kidole kimoja.

"Ingia, binti," akasema. "Mlango haujakukosea kitu, lakini pia hauumii ukigongwa."

Sikujua kama nicheke. Sikucheka.

Alhamisi, 12 Novemba
Joto la kuchemsha chai. Mama Chenai, msusi wa nyumba ya pili, tunayetengwa na ukuta mmoja, amenionyesha kitu simuni kinachoitwa Pazia. Ni baraza la watu wa Nyarutombo, lakini humo hakuna jina, namba wala picha ya mtu. Kila anayeingia hujichagulia jina la chombo cha nyumbani. Kuna Mwiko, kuna Ungo, kuna Wembe.

"Na wewe ni nani humo, mama?"

Alicheka mpaka kitana kikamdondoka kichwani kwa mteja. "Nikikuambia, mwanangu, tutakuwa tumelifungua."

Nimeingia. Mimi ni Kisahani.

Jumapili, 15 Novemba
Sikwenda kanisani. Nilisoma Pazia tangu asubuhi mpaka jua likahama dirisha.

Sijapata kuona watu wa mji huu wakisema hivi. Mwanamke mmoja anauliza kama ni dhambi kutomkumbuka mume aliye Johannesburg. Mzee wa kanisa, hakusema kanisa gani, anaungama kwamba hajui kusoma, na kwamba kila Jumapili hushika Biblia na kukariri alichomsikia mkewe akisoma jana yake. Nilidhani watamcheka. Watu thelathini wamejitolea kumfundisha herufi, na Ungo ameanza leo hii hii na a, e, i, o, u.

Halafu kuna Kigoda. Ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Mkewe amekwenda Uingereza kutunza wazee, na yeye hajawahi kupika hata sadza, ugali wetu wa kila siku. Aliandika: "Sadza langu lina mabonge. Nimelikata kwa kisu. Nisaidieni bila kunitukana."

Mwiko akamjibu: "Unga wa kwanza ukoroge na maji baridi, Kigoda, si ya moto. Wewe ulilelewa na nani?"

"Na wanawake walionifukuza jikoni."

Nilicheka peke yangu chumbani. Kisha nikamwandikia, kwa mara ya kwanza nikizungumza na watu nisiowaona, kwamba uji uchemke kwanza dakika kumi akiwa ameufunika, ndipo aongeze unga kidogo kidogo na kuusonga kwenye ukingo wa sufuria. Niliusoma ujumbe ule mara nne kabla ya kuutuma, kana kwamba nahutubia uwanja.

Alijibu: "Asante, Kisahani. Unaeleza kama mwalimu mwenye huruma." Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Jumanne, 24 Novemba
Mvua ya kwanza. Mji mzima unanuka udongo.

Ijumaa, 27 Novemba
Mvua. Kigoda ameweza sadza. Sasa anataka kupika bamia. Wembe, ambaye kazi yake ni kuchokoza, amemwambia aweke vijiko vitatu vya magadi. Nilichelewa kumzuia.

"Bamia limetoka sufuriani," aliandika Kigoda saa moja baadaye. "Limepita jiko, limenikuta. Shati langu la kazini ndilo lililoumia."

Jumatatu, 30 Novemba
Lazima niandike polepole.

Leo asubuhi mzee Gwatidzo alimsalimu mkuu kama kila siku. "Umeamkaje, Samanyanga?" Bwana Mazarura ni wa ukoo wa Ndovu, na mzee hawezi kumwita mtu mzima bila jina la sifa la ukoo wake.

"Nimeamka vyema kama nawe umeamka vyema," akajibu mkuu, na akanyoosha mkono kuchukua funguo za gari.

Kwenye mkono wa shati lake jeupe palikuwa na doa la kijani lililofuliwa likakataa. Na mkewe yuko Uingereza, jambo ambalo kila mtu ofisini analijua na hakuna anayelitaja.

Nilikaa chini. Huyu ninayemgongea mlango kwa kidole kimoja, mimi ndiye niliyemfundisha kusonga sadza.

Jumatano, 9 Desemba
Mvua kila alasiri, saa tisa, kama iliyoajiriwa.

Mtu huyu ananishangaza. Mchana hula peke yake mezani, kutoka kwenye kopo la plastiki, akiwa ameupa mlango mgongo. Zamani nilidhani ni majivuno. Leo nimepita, nikaona mboga zimekatwa vipande vikubwa vya mtu asiyejua kisu, na yeye akizitazama kwa fahari. Ofisini hajawahi kusema neno moja kuhusu upweke. Kwenye Pazia husema: "Nyumba ina vyumba vinne, nami natumia kiti kimoja." Najiuliza yupi ni Mazarura wa kweli. Pengine wote wawili, na jina tu ndilo linalomzuia mmoja asitoke.

Najiuliza pia kama ninamwibia. Ninajua anachokisema gizani, naye hajui kwamba ninajua. Ingekuwa heshima kuacha kumjibu. Nimemjibu kuhusu maharage.

Alhamisi, 17 Desemba
Nimefanya kosa.

Mchana Kigoda aliandika: "Dada yangu mkubwa amefariki leo. Ndiye aliyenibeba mgongoni." Si zaidi ya hapo. Nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mkate, nikaandika bila kufikiri: "Pole sana, Samanyanga."

Vidole vilifanya vyenyewe. Kwetu huwezi kumpa pole mtu mzima kwa jina la chombo, wala hata kwa jina la cheti. Msiba ni wa ukoo, na ukoo ndio unaopewa pole. Nimefundishwa hivyo tangu nilipoweza kupiga magoti. Lakini Kigoda hajawahi kumwambia mtu yeyote humo ukoo wake.

Nilifuta baada ya dakika moja. Watu tisa walikuwa wameona, na wa kwanza kati yao ni yeye.

Ijumaa, 18 Desemba
Mkuu hayupo. Mzee Gwatidzo amesema amekwenda kumzika dada yake. Nimeuliza, kama mtu asiyejali, ikiwa mzee anatumia Pazia.

"Pazia la nini? Nyumba yangu ina mbao madirishani." Akanionyesha simu yake ya tochi, betri imefungwa kwa mpira. Kwa hiyo mkuu akikaa kufikiri ni nani anayemjua namna hiyo, mzee hatakuwamo kwenye hesabu.

Jumatatu, 4 Januari
Ofisi imefunguliwa. Mkuu amekonda. Amenisalimu, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akasema, "Asante kwa pole mlizonitumia." Tulichanga sisi wote wa halmashauri na kupeleka unga na sukari, kwa hiyo huenda alimaanisha hilo.

Kigoda hajaandika tangu siku ile.

Jumanne, 12 Januari
Mvua siku ya nne bila kupumzika. Mtaro wa soko la Chikuva umefurika.

Majibu ya maabara yamefika. Pampu namba mbili safi. Namba tatu safi. Namba nne, ile ya pembeni mwa soko, ina vijidudu vya kinyesi, vingi. Nilisoma mstari ule mara tano. Wanaoteka pale ni soko zima, na mtaa wetu pia.

Nilimpelekea mkuu. Alivaa miwani, akaivua.

"Iweke kwanza, tutapima tena."

"Lini, bwana?"

"Gari la maabara likirudi. Mto ukipungua, daraja likipitika."

"Daraja halitapitika wiki hii, bwana."

"Binti, mwaka juzi nilifunga pampu ile kwa jibu moja. Jibu lilikuwa la kisima kingine, chupa zilichanganywa. Akina mama walikaa siku sita bila maji, wakaja hapa na ndoo tupu wakazipiga kama ngoma. Meya akaniuliza mbele yao kama najua kusoma. Nataka majibu mawili."

Nilisema, "Ndiyo, bwana." Nilitaka kusema jambo jingine. Mkataba wangu una siku kumi na tisa.

Jumatano, 13 Januari
Sikulala vizuri. Naandika kabla ya kazi.

Naweza kuonya kwenye Pazia. Kisahani wanamwamini. Kwa miezi miwili amefundisha sadza, ameandika barua za watu, amemsaidia mzee wa kanisa kufika herufi ya m. Kisahani akisema msinywe, hawatakunywa. Lakini Kisahani anaujua ukoo wa Kigoda, na Kisahani akijua pia majibu ya maji, mkuu hatahitaji kidole kuhesabu.

Kwa hiyo nimefungua jina jipya, Kizibo. Kizibo anaweza kuwa mtu yeyote wa maabara, au dereva wao, ambaye anajulikana kwa mdomo. Nimeandika: "Pampu namba nne, soko la Chikuva, maji yamepimwa, si salama. Chemsheni au tekeni namba mbili."

Nilijiona mjanja.

Alhamisi, 14 Januari
Kinu: "Kizibo, umezaliwa lini? Jana?"

Ungo: "Nani amepima? Wewe ni nani hasa?"

Wembe: "Huyu anauza maji ya chupa. Amechoka kukaa na katoni."

Mtu akiniuliza nimejuaje, jibu ni jina langu. Nimeandika mara ya pili, maneno yale yale, kwa herufi kubwa. Ilikuwa mbaya zaidi. Nilisikika kama mlevi.

Ijumaa, 15 Januari
Mvua. Wembe amegeuza maneno. Sasa anasema ana shemeji halmashauri, na kwamba si namba nne tu, ni pampu zote, zimeharibika zote, wakubwa wanaficha. Huyu wanamwamini! Anachekesha, wamemzoea. Neno lake limesambazwa mpaka nje ya Pazia. Mchana nimeona watu wakiteremka na ndoo kuelekea kijito cha Rutanda, ambacho siku hizi kina rangi ya chai ya maziwa.

Nimemkanusha kwa jina la Kizibo. Wembe akajibu: "Jana ulitutisha, leo unatutuliza. Bei ya chupa imeshuka?" Watu mia mbili wamecheka.

Jumamosi, 16 Januari
Asubuhi binti wa Mama Chenai aligonga. Mama amehara na kutapika tangu usiku, hawezi kusimama. Tulimpeleka zahanati kwenye toroli la fundi matofali, tumemfunika na turubai. Wako wagonjwa kumi na mmoja, wawili wamelala sakafuni. Wamemtundikia maji ya mshipa. Midomo yake ilikuwa kama ya mtu aliyekula majivu.

Mchana alifungua macho.

"Mama, ulikunywa maji ya wapi?"

"Ya Rutanda. Si wamesema pampu zote mbovu? Nikaona bora mto, angalau unatembea."

"Nani kasema zote?"

"Kwenye Pazia. Alianza mmoja, Kizibo, nikampuuza. Halafu Wembe akasema, nikaamini."

Nilitazama mlango. Hakukuwa na mtu wa karibu. "Mama, Kizibo ni mimi."

Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Wewe?" akasema. "Wewe wa ukuta wa pili?"

"Ndiyo, mama."

"Umeuambia mji mzima kwa kujifunika, na mimi hukuweza kuniita ukutani?"

Naliandika kama alivyolisema. Kila jioni nasikia sufuria zake, naye anasikia redio yangu. Ingenichukua neno moja, lakini neno lile lingekuwa na sauti yangu ndani yake.

Jumapili, 17 Januari
Amekunywa uji kidogo. Wagonjwa kumi na tisa.

Jumatatu, 18 Januari
Kabla ya saa moja nilikuwa kwa mzee Gwatidzo. Nilimwambia atoe mpini wa pampu namba nne.

"Samanyanga amesaini?"

"Hapana, babu. Nitasaini mimi."

"Wewe una ruhusa?"

"Sina."

Alinitazama, akachukua spana. "Mimi ni fundi. Nikipewa karatasi yenye jina la mtu, nafungua. Kama jina ni dogo au kubwa, hilo waulize waliosoma."

Nilichukua kadibodi, nikaandika kwa wino mzito: MAJI HAYA SI SALAMA. PAMPU NAMBA MBILI NA TATU NI SALAMA. MAJI YA RUTANDA MSINYWE KABISA. NIMEONA MAJIBU YA MAABARA MWENYEWE. WADZANAI CHIDHAKWA, KARANI WA MAJI. Nikaweka na namba ya simu. Kisha nikaipiga picha na kuiweka Pazia, chini ya jina la Kisahani. Walipiga kelele kwamba nimevunja sheria ya baraza kwa kutaja jina. Nimevunja.

Pale pampuni walikuwa wamejaa. Mpini ulipotoka, mama mmoja muuza nyanya alinijia mpaka kifuani.

"Wewe ndiye unayetunyima maji?"

"Ndiyo, mama."

"Binti wa nani wewe?"

"Wa Chidhakwa, aliyekuwa karani wa posta."

"Baba yako alikuwa mtu wa heshima! Na wewe unatufungia pampu na mvua hii?"

Lakini waliponitukana vya kutosha, kitu cha ajabu kikatokea. Walianza kuuliza. Niliyachemsha jana, je? Na vyombo nilivyooshea? Mboga nilizonyunyizia? Namba mbili ni mbali, nani atatusogezea? Kwenye Pazia hakuna aliyeniuliza hayo, na hata wangeniuliza, Kizibo angekaa kimya. Hapa kulikuwa na mtu wa kumshika nguo. Nilijibu nilichokijua. Nisichokijua nilisema sikijui, na hawakuondoka.

Jumanne, 19 Januari
Mkuu ameniita. Nilifungua mlango bila kugonga, kwa kuchanganyikiwa. Mezani alikuwa na simu, na picha ya kadibodi yangu.

"Hili jina ni lako?"

"Ndiyo, bwana."

"Umeliandika kubwa kama la duka la nyama."

Nikageuka kuufunga mlango niliouacha wazi.

"Kaa, Kisahani."

Nilikaa.

"Nimejua tangu siku ile ya msiba," akasema. "Watu wanaoniita vile na wanaojua simu za kisasa hawajai mkono. Na ni mmoja tu anayefafanua sadza kama anavyofafanua rejista."

"Kwa nini hukusema, bwana?"

"Ungeacha kunijibu. Na mimi ningeona haya kukutazama. Nilikaa kimya ili sote wawili tupone." Alivua miwani. "Lakini Kizibo sikumjua. Nilidhani ni yule dereva wa maabara. Nikasema, huyo hata kuku akitaga hutangaza. Nikaendelea kungoja daraja. Ningejua ni wewe, mtu anayeogopa hata mlango wangu, ndiye uliyethubutu kusema nje, ningeinuka kitini siku ile ile."

"Nilibadili jina usije ukanijua."

"Nilikuwa nimekwisha kukujua, binti."

Mvua ilipiga bati mpaka ikawa vigumu kusikilizana, na nadhani hakuna kati yetu aliyetaka kusikia zaidi.

Jumatano, 20 Januari
Mkuu amesaini amri ya kufunga namba nne. Tangi la maji limepelekwa sokoni.

Jumamosi, 23 Januari
Mama Chenai amerudi nyumbani. Amenisuka bila malipo, akivuta nywele kuliko inavyohitajika. Sikulalamika.

Jumatatu, 25 Januari
Daraja limepitika. Jibu la pili: namba nne bado chafu. Hakuna aliyefariki. Mwisho wagonjwa walikuwa thelathini na wanne, ishirini na sita kati yao walikunywa Rutanda. Nambari hiyo, ishirini na sita, nimeiandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba nilionya mapema.

Ijumaa, 29 Januari
Barua ya halmashauri. Mkataba hautaongezwa, kwa sababu ya "kutoa taarifa za ofisi bila idhini". Bwana Mazarura aliwaandikia kwamba ucheleweshaji ulikuwa wake, akaweka jina lake lote na cheo, naye amepewa onyo. Alinionyesha nakala. Mzee Gwatidzo amenipa mkono kwa mikono yote miwili.

Mbele ya ofisi nilingoja woga uje. Ulikuja, mdogo kidogo kuliko nilivyotarajia.

Kwenye Pazia msichana fulani ameuliza jambo la mwili wake ambalo hawezi kumwambia mama. Nimemjibu kama Kisahani, kwa kirefu. Namtakia asijulikane kamwe.

Jumatatu, 1 Februari
Leo sina pa kwenda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvua nyembamba, nimesikia watu getini. Wanawake watatu wenye ndoo, siwajui hata mmoja.

"Wewe ndiye Wadzanai wa maji?"

"Sifanyi kazi ofisini tena, mama."

"Hatukuuliza unafanya kazi wapi. Kisima cha kanisa la mlimani, maji yake yanafaa?"

Kisima kile hakimo kwenye rejista. Hakijawahi kupimwa. Niliwaambia sijui, wachemshe kwa sasa, na kwamba nitamwomba Bwana Mazarura achukue chupa ya maji yake leo, na jibu nitawaletea mimi mwenyewe.

"Utatupataje?" akauliza yule wa mbele.

Nikamwambia anitajie jina lake. Alisita, akawatazama wenzake, akageuka kuangalia barabarani kama kuna mtu. Kisha akanitajia.